Umeme Wote wa Mkangazini

Nchi ninayoisimulia siyo hii. Naomba hilo lieleweke tangu mwanzo, ili msomaji asije akautazama ukuta wa nyumba yake kwa mashaka. Nchi hiyo iko mbali, jina lake limenitoka, na mambo yake hayawezi kabisa kutokea kwetu, ambako viongozi hufikiri kabla ya kusema na maafisa huona haya wakikosea.

Huko, asubuhi moja, Mtukufu Kiongozi aliamka akagundua kwamba wananchi wake hawana umeme. Wananchi walikuwa wanalijua jambo hilo kwa miaka arobaini, lakini hawakuwa na mamlaka ya kuligundua. Mtukufu akaita mkutano uwanjani, akapanda jukwaani, akasema:

"Ndugu wananchi! Nimewauliza wataalamu: umeme ukija nyumbani kwa mtu, unafikia wapi? Wakanijibu: unafikia kwenye sanduku, ukutani. Nikawauliza: je, masanduku yapo? Wakanyamaza. Sasa ninyi kila siku mnalalamika umeme haujaja, na umeme wenyewe hauna pa kufikia! Mnataka ulale nje?"

Watu wakaona aibu. Wakapiga makofi kwa dakika kumi na moja. Dakika ya kumi na mbili ilikuwa imehifadhiwa kisheria kwa siku yake ya kuzaliwa.

Siku hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Utundikaji, na kiwanda kikaanza kutoa masanduku. Yalikuwa masanduku mazuri, siwezi kusema vingine. Bati nene la chuma, rangi ya kijivu, mlango wenye bawaba mbili na kufuli, mpira kuzunguka ukingo wote ili vumbi na maji visipite, na mbele picha ya radi ikitoka katika kidole cha Mtukufu. Kilichokosekana ni cha kuweka ndani. Nyaya hazikuwepo, swichi hazikuwepo, na waya mkubwa uliokuwa karibu kuliko wote uliishia kijijini alikozaliwa Mtukufu, katika zizi la ng'ombe wake, kilomita mia na ishirini kutoka kijiji cha Mkangazini ambacho ndicho chenye habari hii.

*

Swali la kwanza la Wizara lilikuwa la kimo. Sanduku likae juu kiasi gani ukutani? Mafundi walisema liwe mahali mtu mzima anafikia na mtoto hafikii. Jibu hilo lilionekana la kienyeji mno. Kamati ya watu kumi na tisa ikakaa hotelini miezi minne, ikatoka na waraka: masanduku yote nchini yawe sawasawa na macho ya Mtukufu, ili akipita atazamane na maendeleo ana kwa ana, pasipo kuinama wala kuinua kidevu.

Mtukufu akapimwa. Macho yake yalikuwa mita moja na sentimita hamsini na nane kutoka sakafuni. Kamati, kwa heshima, ikaandika sabini na nne.

Masanduku elfu sitini yakatundikwa. Mtukufu alipokwenda kuyakagua, akaona matako ya masanduku tu. Lakini nchi ile haikosi watu wenye akili, na kosa likasahihishwa upande wa viatu. Mtukufu akashonewa viatu vya kisigino kirefu, akasimama tena mbele ya ukuta, akatazamana na sanduku, akatabasamu. Mwaka uliofuata mgongo ukaanza kumuuma, daktari akapunguza kisigino sentimita sita, na nchi nzima ikapewa siku saba kushusha masanduku sentimita sita. Ndiyo maana ukuta wowote wa nchi ile una matundu manne ya zamani juu ya matundu manne mapya. Watoto wa shule hufundishwa kuwa hayo ni matundu ya historia.

*

Kazi ya kutundika Mkangazini alipewa Fundi Mkwizu, kwa sababu alikuwa fundi umeme pekee wilayani na alikuwa hana umeme wa kufundia. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kiburi cha kazi. Kiburi hicho kilikaa ndani ya kitu kimoja alichokibeba kwenye mfuko wa shati kama wengine wanavyobeba kalamu: pimamaji fupi, kile kipande chenye kichupa cha maji na kipovu ndani. Mkwizu hakukaza bolti ya mwisho ya kitu chochote mpaka ameweka pimamaji juu yake, akasubiri kipovu kitulie katikati. Kikikataa, alifungua zote nne akaanza upya.

Bibi Namsifu, mwanamke mzee aliyeishi mwisho wa kijiji, alikuwa akija kumtazama na kumchokoza.

"Baba, boksi lenyewe tupu hilo," alimwambia siku moja. "Likiinama, kitamwagika nini?"

"Bibi, mimi sipimi kilichomo. Napima kazi yangu."

"Haya. Pima. Wengine tunapima unga, wewe unapima hewa."

Mkwizu alicheka, akasubiri kipovu.

Ugomvi wake wa kwanza na Serikali ulitokana na matundu ya kupitishia nyaya. Masanduku yalitoka kiwandani yametobolewa juu, kwa sababu mpiga picha wa Wizara alisema nyaya zikitokea chini zinafanana na utumbo. Mkwizu alimfuata Bwana Chilewa, Afisa Utundikaji wa wilaya, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliyevaa beji tatu na zote zilikuwa zake.

"Bwana Afisa, sanduku la nje halitobolewi juu. Mvua itaingia. Linatobolewa chini."

"Waraka unasema juu."

"Na mvua je?"

Bwana Chilewa aliufungua waraka, akausoma kurasa zote tisa huku akinyoosha kidole, akaufunga. "Mvua haikutajwa," alisema.

Mkwizu akarudi nyumbani. Kuanzia siku hiyo kila sanduku alilotundika aliliziba juu kwa mpira wa tairi, akalitoboa chini matundu sita madogo, wala hakumwambia mtu.

*

Masanduku yalipokwisha kukaa ukutani, wananchi walianza kuyazoea, na mtu akizoea kitu hukitafutia kazi. Huyu aliweka chumvi. Yule aliweka kitabu cha nyimbo za kanisani. Kuku mmoja mwekundu aliona mlango umesahauliwa wazi, akaruka, akataga humo mayai manne.

Wizara ikapata habari, ikakasirika. Ikaundwa Idara ya Utupu, ambayo kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuthibitisha kwamba masanduku hayana kitu, maana sanduku lenye kitu halina nafasi ya umeme. Kuku mwekundu alikamatwa akiwa kazini. Alipelekwa wilayani kwenye buti la gari, mayai yakafungwa kwenye karatasi kama ushahidi, na kwa kuwa kesi iliahirishwa mara mbili, ushahidi ukaanguliwa. Serikali ikajikuta na watuhumiwa watano.

Wanawake wakawa wanaimba kisimani:

Sanduku limetundikwa, ndani hamna chochote,
Kuku naye akashikwa, na mayai yake yote,
Nasi lini tamulikwa, tungoje, tungoje sote,
Pigeni makofi, watu, ukuta umependeza.

Serikali ya nchi ile inamtafuta mtunzi wa ubeti huo mpaka leo. Mimi simjui.

*

Sasa tufike kwenye ukuta wa Bibi Namsifu.

Mkangazini kulikuwa na nyumba mia tatu na kumi na mbili. Mia tatu na kumi na moja zilishika masanduku yake, hata kama nyingine zilipata nyufa. Ya Bibi Namsifu ilikuwa ya fito na udongo, ya zamani kuliko bendera. Sanduku lilikuwa na uzito wa kilo ishirini na sita. Mkwizu alilitundika Jumatatu kwa uangalifu wote, kipovu kikatulia, na Jumanne asubuhi likaanguka na kipande cha ukuta, likakosa mguu wa mbuzi kwa kidole kimoja.

"Ukuta wangu haupendi wageni," alisema Bibi.

Mkwizu alikuwa anapanga kurudi na mbao nene za kushikilia kutoka ndani, jambo ambalo lingeweza kufaulu, ndipo Nesi Elifuraha akamwita zahanati.

Zahanati ya Mkangazini ilikuwa na vyumba viwili, nesi mmoja, na jenereta moja iliyoachwa na wamisionari. Jenereta hiyo iliendesha friji ya chanjo na kitanda cha kioo cha kuwapa joto watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Mkangazini iko juu mlimani, baridi yake inauma hata mchana, na kitanda kile kilikuwa kimeokoa watoto ishirini na watatu. Nesi aliwaandika majina ukutani kwa kalamu ya risasi.

Alimwonyesha Mkwizu barua ya Wizara. Ilisema kwamba kijiji kikifikisha masanduku mia kwa mia kitatangazwa Kijiji chenye Umeme, na kwa kuwa ni kichekesho kijiji chenye umeme kuwa na jenereta, jenereta itaondolewa ikatumike panapohitajika.

"Sasa tuko wapi?" aliuliza Nesi.

"Tisini na tisa nukta sita nane."

"Kilichobaki?"

"Ukuta wa Bibi."

Kwenye benchi la nje aliketi Nakundwa, mjukuu wa Bibi Namsifu, mimba ya miezi sita, miguu imevimba, amekuja kupimwa kwa mara ya tatu wiki hiyo. Mumewe alikuwa mji mkuu, kiwandani, akichomelea masanduku.

"Huyu hatafika miezi tisa," Nesi alisema kwa sauti ya chini. "Namwona. Akijitahidi sana, saba."

Mkwizu alikwenda moja kwa moja kwa Bibi, akamweleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaupapasa ukuta wake kama mtu anavyompapasa ng'ombe.

"Basi, baba," alisema, "tundika kama ulivyoagizwa. Huu utajua la kufanya."

Mkwizu alitundika mara ya pili. Likaanguka. Akatundika mara ya tatu, akaandika ripoti ndefu. Likaanguka usiku huohuo. Na kila mara, nawaambia kweli, alipima kwa pimamaji kwanza. Sanduku lilianguka likiwa limenyooka.

Bwana Chilewa alikuja na tume. Tume iliuhoji ukuta. Si utani: waliweka meza mbele yake, wakasoma mashtaka ya kukwamisha maendeleo, wakaupa dakika tano za kujitetea. Karani akaandika, "Mshukiwa alikaa kimya kwa dharau."

"Bwana Afisa," alisema Mkwizu, "tisini na tisa nukta sita nane ni karibu sana na mia. Kwa nini msiandike mia mkatuachia hapohapo tulipo, na jenereta yetu?"

Bwana Chilewa alishika kifua palipokuwa na beji. "Fundi! Nchi hii haibahatishi takwimu. Nukta thelathini na mbili ni nukta thelathini na mbili. Unataka tumdanganye Mtukufu?"

*

Wiki tatu baadaye, ukuta ulikuja juu ya lori.

Ulikuwa ukuta mmoja, wa zege, mita mbili kwa mbili, umemwagwa mji mkuu, na sanduku lake limekwisha kutundikwa juu yake huko huko. Wanajeshi kumi na wawili waliushusha, wakauchimbia mbele ya nyumba ya Bibi Namsifu, shubiri moja kutoka mlangoni. Hivyo mlango haukufunguka tena, na Bibi akaanza kuingia na kutoka kupitia dirishani, akiwa na miaka sabini na minne. Alipolalamika, Bwana Chilewa alimweleza kwa upole kwamba dirisha lake sasa lina hadhi ya mlango na atapewa cheti.

Mkwizu aliusogelea ukuta ule, akatoa pimamaji akaiweka juu ya sanduku. Kipovu kilikimbilia kushoto kikabaki huko.

"Limepinda," alisema.

"Limetimia," alijibu Bwana Chilewa, akaandika: mia kwa mia.

Lori halikurudi tupu. Walipita zahanati, wakafungua bolti za jenereta, wakaipakia. Nesi Elifuraha alisimama mbele ya gari mikono imetanuliwa. Wakamnyanyua wakamweka pembeni, kwa heshima zote, kama chungu cha maua. Baadaye ilijulikana kwamba jenereta ilihitajika hotelini, kule ambako Kamati ya Kimo ilikuwa imerudi kukaa kwa ajili ya zile sentimita sita.

Nakundwa alijifungua baada ya siku kumi na moja, saa nne asubuhi, mimba ya miezi saba. Mtoto wa kike. Alitosha kwenye viganja viwili vya Nesi, na vidole vikabaki.

*

Nakundwa alipoteza damu nyingi, akapandwa na homa, akawa hawezi kumshika mtoto. Bibi Namsifu alimfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akakaa naye siku mbili mchana na usiku bila kujilaza. Siku ya tatu Bibi mwenyewe alianza kutetemeka. Mwili wa mzee una joto la mtu mmoja, na alikuwa amekwisha kulitoa.

Kitanda cha kioo kilikuwa pale pale, kikavu, baridi kama jiwe la mtoni. Mkwizu alikitazama. Kisha akakitazama kichwani mwake kitu kingine: chuma kinachoshika joto, mpira ukingoni usiopitisha upepo, mlango wa kufunga.

Alikwenda mpaka kwenye ukuta wa zege, mchana kweupe, akafungua bolti nne. Sanduku hilo alikuwa hajaligusa, kwa hiyo alilifanyia analofanya siku zote: akaziba matundu ya juu, akatoboa sita chini. Akalibeba mpaka zahanati. Nesi alilisugua kwa maji ya moto, akatandika pamba na blanketi, akapanga chupa za maji ya moto kando kando, akamlaza mtoto katikati. Kila saa walibadilisha chupa. Kila saa Nesi aliingiza mkono.

Siku ya nne mtoto akawa mwekundu. Siku ya tano akanyonya kitambaa kilicholoweshwa maziwa, kwa hasira, akakunja ngumi.

"Huyu atakuwa mtu mbaya," alisema Bibi Namsifu, amejilaza kwenye benchi. "Tazama anavyonichukia. Mwacheni aishi."

Siku ya sita asubuhi, Bwana Chilewa alikuja mbio, nyuma yake askari wanne, nyuma yao vumbi la magari ya mbele. Mtukufu alikuwa njiani kuja kuizindua Mkangazini, na mahali palipochaguliwa ni ukuta wa zege, na ukuta wa zege ulikuwa uchi.

"Sanduku liko wapi?"

Nesi alionyesha kwa kidevu.

Bwana Chilewa alichungulia. "Kuna mtu humo!"

"Mtoto, Bwana Afisa. Nikimtoa kwenye joto hilo atakufa."

"Basi asitolewe." Bwana Chilewa hakuwa mtu katili, alikuwa na mke, alikuwa na watoto. Alipangusa jasho. "Mimi sikuagizwa habari ya mtoto. Nimeagizwa habari ya sanduku. Sanduku linarudi ukutani. Kilichomo, orodha haikitaji. Dakika arobaini! Askari, chukueni."

Askari wawili wakashika pembe. Sanduku likainama, na ndani kikatoka kilio chembamba.

"Acheni!" Mkwizu alisema. Hakupiga kelele, lakini waliacha. "Nyie mtalibeba kama jeneza. Nitalitundika mimi."

"Mkwizu!" Nesi alimwangalia kama msaliti.

"Nesi, watalichukua tu. Bora lishikwe na mtu anayejua kilichomo. Weka chupa mpya. Zote."

Alilibeba kifuani, katikati ya kijiji, akitembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa mpaka mdomoni. Bibi Namsifu alitembea pembeni ameshika mlango usigonge. Pale ukutani Mkwizu aliingiza bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akatoa pimamaji. Watu waliomwona wanasema hawakuwahi kumwona akisubiri kipovu muda mrefu kiasi kile, wala kipovu kutetemeka kiasi kile. Kilipotulia katikati akakaza ya nne, akafunga mlango, utepe mwekundu ukafungwa juu yake, na honi zikasikika.

*

Mtukufu Kiongozi alishuka garini kwa visigino vyake vipya, akasimama mbele ya ukuta, akatazamana na maendeleo. Akahutubia kwa ufupi, dakika hamsini tu, maana alikuwa na njaa. Alisema Mkangazini imetoka gizani. Alisema maadui wa taifa walidai masanduku ni matupu. "Leo," akasema, "nitafungua kwa mkono wangu, waone!"

Hilo halikuwemo kwenye ratiba. Bwana Chilewa alifumba macho.

Mtukufu akakata utepe, akavuta mlango. Akatazama. Mtoto naye akamtazama, kwa kimo kilekile kilichowekwa kisheria.

"Chilewa," alisema Mtukufu polepole, "hiki ni nini?"

Hapa msomaji ajiulize yeye angejibu nini, mbele ya kamera tisa na askari mia. Bwana Chilewa alijibu hivi:

"Ni umeme, Mtukufu."

"Umeme."

"Ndiyo, Mtukufu."

"Mbona mdogo?"

"Ndiyo unaanza, Mtukufu."

Mtukufu akafikiri. Nyuma yake mawaziri wakafikiri pia. "Mbona hauwaki?"

Upepo wa mlimani ukaingia ndani ya sanduku, mtoto akapanua mdomo akalia kwa nguvu zote alizokuwa nazo duniani.

"Umewaka!" alipiga kelele Waziri wa Utundikaji, na uwanja mzima ukalipuka kwa makofi. Kamera zikawaka. Mtukufu akainua mikono, machozi yakamtoka. Watu wanasema yalikuwa ya kweli. Kisha akaufunga mlango kwa mkono wake, akatia kufuli, na Bwana Chilewa akapiga lakiri ya nta ya Serikali juu ya kufuli, kama sheria inavyotaka: sanduku likizinduliwa halifunguliwi na mtu mpaka mafundi wa Wizara waje kukagua. Mafundi wa Wizara walipangiwa kuja mwezi wa tisa. Huo ulikuwa mwezi wa pili.

Magari yakaanza kugeuza. Askari wawili wakabaki kulinda lakiri.

Ndani ya sanduku kilio kiliendelea, kikitokea kwenye matundu sita ya chini. Chupa zilikuwa na saa mbili sasa, na upepo wa mlangoni ulikuwa umemaliza joto lililobaki. Kilio kikapungua. Kikawa kama cha paka aliye nyumba ya tatu. Kikakoma.

"Baba," alisema Bibi Namsifu.

Mkwizu alikuwa amekwisha kuinua nyundo. Askari mmoja alimwelekezea bunduki, akasema, "Fundi, usifanye hivyo, mimi nina amri." Mkwizu alimpa mgongo. Pigo la kwanza lilipasua lakiri, la pili kufuli. Bibi akamtwaa mtoto, wa buluu midomoni, akamtia ndani ya kanga mpaka kwenye ngozi yake iliyokonda, akamsugua, akampulizia, akamtukana. Alimtukana matusi ambayo mwanamke wa umri wake hayatamki. Na yule askari, bunduki ikiwa bado juu, alikuwa anasema taratibu bila kujijua, "Lia, mama. Lia. Lia, mama."

Mtoto akalia.

Ndipo wakamfunga Mkwizu pingu.

*

Kesi yake ilikuwa ya haki, iliendeshwa kwa siku moja ili kuokoa muda wake. Aliposhtakiwa kwa kuvunja lakiri, alikubali. Shtaka la pili lilimshangaza.

"Unashtakiwa," alisema hakimu, "kwa kuiba umeme wote wa Mkangazini."

"Mheshimiwa, yule ni mtoto."

"Hati ya uzinduzi imesainiwa na Mtukufu. Inasema umeme. Unasema Mtukufu hajui umeme?"

"Mheshimiwa, umeme haunyonyi."

"Usiifundishe mahakama tabia za umeme. Miaka sita."

Nakundwa, ambaye alikuwa amepona, alionywa kwa barua kwamba amehifadhi mali ya taifa na asiitumie kwa faida yake binafsi. Barua hiyo anayo mpaka leo, chini ya mto anaolalia mtoto. Sanduku lilipigwa chapa ya KIELELEZO likafungiwa stoo ya mahakama.

Kwa kuwa lilikuwa limeharibika, Mkangazini ilirudi kwenye masanduku mia tatu na kumi na moja, tisini na tisa nukta sita nane. Nesi Elifuraha akaandika kuomba jenereta irudishwe, kwa hesabu ya Wizara yenyewe. Bwana Chilewa, aliyekuwa amepandishwa cheo na kuongezewa beji ya nne, alimjibu kwa mkono wake: "Nukta thelathini na mbili ni nini mbele ya maendeleo? Tumeandika mia."

*

Gereza la nchi ile lina seli mia mbili, nazo zilikuwa hazina masanduku. Mtukufu alipogundua hilo alihuzunika, na kwa bahati njema palikuwa na fundi ndani. Mkwizu akakabidhiwa drili ya mkono, bolti mia nane, na kazi ya siku mia mbili. Pimamaji walimnyang'anya, kwa sababu ina kioo. Akatafuta kichupa cha plastiki cha dawa ya macho, akakijaza maji, akaacha kipovu.

Anatundika sanduku moja kila siku. Analiziba juu, analitoboa chini matundu sita, na msimamizi huandika kila siku kwamba mfungwa ameharibu mali. Juzi mfungwa wa seli ya jirani, mwalimu mmoja aliyekamatwa kwa kuimba ule wimbo wa kisimani, alimtazama akiwa amesimama na kichupa chake juu ya chuma, akisubiri.

"Ndugu yangu, humo ndani mna nini?"

"Hamna kitu."

"Sasa wapima nini?"

Mkwizu hakugeuka. Kipovu kilikuwa bado kinatembea.

"Siku mtu akilazimika kulazwa humu," alisema, "asilale kichwa chini."